Jeshi la Kahawa na Ng'ombe wa Miiba

"Bwana amegoma kula!"

Hivyo ndivyo Leonadi alivyoingia barazani kwangu, bila hata shikamoo, na mimi nimemzidi umri wa kutosha kumchapa. Leonadi ni mpishi wa Mzungu mmoja wa machimbo ya bati huku kwetu Kyerwa, na kijiweni tunamwita Supu. Akiwa na habari mdomoni, salamu husubiri.

Kijiwe chenyewe ni baraza langu. Mimi ni Mutalemwa, fundi cherehani wa Bugomora, na jina walilonipa hawa watu ni Sindano, eti nachoma hata nikinyamaza. Mwaka ule wa hamsini na moja nilikuwa nimechonga benchi zuri la kukalia wateja. Wateja hawakuwahi kulikuta tupu. Wenyeji wake walikuwa watu wanne ambao sijapata kuwashonea hata kiraka.

"Amegoma kwa nini? Umeunguza nyama tena?" aliuliza Yustus. Huyu ndiye Bama. Alikwenda vitani huko Bama kupigana na Wajapani, akarudi na koti zito la jeshi ambalo halivui hata kwenye jua la kuanikia kahawa.

"Ameshindwa vita," Supu akasema.

"Vita gani? Vita viliisha. Nilikuwepo."

"Vita vya mezani, Bama! Ana sanduku la askari wadogo, hivi." Akatuonyesha kidole gumba. "Wa bati. Wana bunduki, wana farasi, wana hata mpiga tarumbeta. Anawapanga mezani, na yule Mzungu mwenzake wa kujenga barabara anapanga wa kwake, wanapigana kuanzia chai ya jioni mpaka niwashe taa. Jana bwana wangu kauliwa askari wote. Nimempelekea kuku, kamsukuma kando. Kaniambia, 'Leonadi, siwezi kula. Nimepoteza daraja.'"

"Daraja lipi?"

"Kitabu. Waliweka kitabu katikati ya meza, ndiyo daraja."

Niliacha kukanyaga cherehani. Kuna habari ambazo haziwezi kusikilizwa huku mguu unafanya kazi.

"Ngoja, ngoja kwanza," alisema Kaijage. Huyu tunamwita Mgomba, kwa sababu ya shamba lake la migomba na kahawa, na kwa sababu ukimsukuma hasogei. "Hao askari ni wa bati?"

"Bati tupu."

"Bati la hapa?"

"Nitajuaje, Mgomba? Bati halina kabila."

"Linalo! Watu wetu wanalichimba, wanaliosha, linapakiwa kwenye lori mpaka Bukoba, linapanda meli, linafika Ulaya linafundishwa gwaride, linarudi hapa hapa Kyerwa kupigana mezani! Na mtu wa hapa hata kuligusa haruhusiwi!"

"Mimi naruhusiwa," Supu alisema kwa fahari. "Nawafuta vumbi kila Jumamosi. Kanali nimeshamwangusha mara nyingi."

Mwisho wa benchi, Ndyamukama alicheka mpaka fimbo yake ikaanguka. Ndyamukama ni mfugaji, mrefu, mwembamba, na tunamwita Pembe. Hazungumzi habari ya mtu bila kumfananisha na ng'ombe fulani, na ng'ombe ndiye anayesifiwa.

"Watu wazima!" alisema akijifuta machozi. "Wanapigana kwa vidude!"

"Afadhali wao," Mgomba akamjibu bila kumtazama. "Wao wanapigana mezani. Wewe unapigana shambani kwangu, kwa kwato."

Hapo nikajua mchana umeharibika. Maana kulikuwa na ugomvi kati ya hawa wawili, na ugomvi huo ulikuwa umekalia benchi langu tangu mvua za vuli. Ng'ombe wa Pembe walikuwa wakienda mtoni kwa njia ya zamani inayopita katikati ya shamba la Mgomba. Mgomba akapanda miche ya kahawa kando ya njia hiyo, na ng'ombe wakaionja. Mgomba akakata matawi ya migunga yenye miiba mirefu, akaiziba njia huku na huku. Sasa ng'ombe wa Pembe walikuwa wanazunguka kupitia kinamasini, ndama wanazama mpaka tumboni, wanavutwa kwa kamba. Wote wawili walikwenda kwa mkungu, mkuu wetu wa kijiji. Mkungu akawasikiliza mpaka akasinzia, akaamka, akasema nendeni mkapatane wenyewe, msinirudie hapa.

"Ndama wangu wawili wamelala na homa ya kinamasi," Pembe alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Wawili, Mgomba. Ukiwaona utalia."

"Nimeshalilia kahawa yangu, machozi yamekwisha."

"Kahawa inaota tena!"

"Na ndama je? Hawazaliwi tena?"

Pembe akasimama. Mgomba akasimama. Pembe alimzidi kimo, Mgomba alimzidi tumbo. Mimi nikaokota mkasi wangu nikauficha, maana siwaamini.

Bama ndiye aliyeingia kati, kifua mbele. "Kaeni! Mnataka kupigana kienyeji? Ngumi? Mnatia aibu. Huko Bama maofisa walikuwa na meza ya mchanga, wanapanga vita vyote juu yake kabla hatujaenda. Supu ametuletea dawa. Piganeni mezani. Atakayeshinda, njia ni yake."

"Hatuna askari wa bati," Mgomba akasema.

"Kwa hilo msijali," Supu akadakia. "Mpanda farasi mmoja wa bwana alivunjika kichwa. Bwana akachukua kizibo cha chupa, akakisimamisha mahali pake, akasema, 'Huyu ni mpanda farasi.' Na mwenzake akakubali! Kitu chochote kinaweza kuwa askari, ilimradi ukitangaze kabla ya vita, na kila mtu akubali kwamba kinafanana."

"Kizibo kinafanana na farasi?" niliuliza.

"Sindano, ulishamwona farasi?"

Kweli, sijawahi.

"Na jambo moja zaidi," Supu aliendelea, sasa amekuwa hakimu mkuu. "Jeshi si takataka za kuokota tu. Lazima liwe la namna moja. Bwana alitaka siku moja kumchanganya askari wa kizungu na Mwarabu wa ngamia, mwenzake akakataa katakata. Kila jeshi liwe na asili yake."

Wakakubaliana. Mgomba akishinda, miiba inabaki na Pembe hatalalamika tena mpaka afe. Pembe akishinda, Mgomba ataondoa miiba kwa mikono yake mwenyewe. Wakashikana mikono mbele yetu. Vita viliwekwa Jumapili, Walutheri wakishatoka na Wakatoliki wakishatoka, maana Mgomba anasali huku na Pembe kule, na hakuna aliyetaka mwenzake apate muda wa kuomba zaidi.

Meza ilikuwa yangu, ile ya kukatia nguo. Hakuna aliyeniomba. Jumapili nilitandika juu yake kitambaa cha kaki cha suruali ya katekista, nikakikunja hapa na pale kuwa vilima, nikachora mto kwa chaki. Nilijiambia nafanya hivyo ili wasikwaruze mbao. Uongo mtupu. Nilikuwa na hamu kuliko wao.

Pembe alitangulia kufika, amebeba kikebe cha tumbaku kimefungwa vizuri. Akakimimina mezani.

"Jeshi langu," akasema.

Lilikuwa jeshi la kupe. Kupe wanono wa ng'ombe, wa kijivu, wamejaa damu, na miguu yao midogo inachezacheza.

"Mawe! Mama yangu!" Bama aliruka nyuma, koti na yote. Mtu wa Bama!

"Tangaza," Supu akasema kwa mbali.

"Hawa ni askari wa mfalme wa zamani, wenye ngao na matumbo. Tazama wanavyofanana. Na wametoka kwenye ng'ombe wangu mwenyewe, jeshi la asili kabisa."

"Mbona wanatembea?" Mgomba akauliza.

"Askari asitembee?"

"Zamu yao haijafika!"

"Wana ari."

Wakati wanabishana, kikosi kizima kilishaacha vita na kuingia kwenye mkunjo wa kaki, kuelekea pale patakapokuwa makalio ya katekista. Hapo niligeuka mkali. Niliwaambia kwamba mtu wa Mungu akikaa ibadani akanyonywa, hataulizwa mfalme wa zamani, nitaulizwa mimi. Supu akatoa hukumu: jeshi linalokwenda bila amri si jeshi, ni wakimbizi. Tukawaokota mmoja mmoja kwa kijiti tukawarudisha kikebeni, na mpaka leo siamini kwamba tuliwapata wote.

Pembe hakununa. Akatia mkono kwenye mfuko mwingine. "Nilijua mtanionea. Basi, haya."

Akatoa miiba ya mgunga. Ile inayoota miwili miwili kutoka shina moja, mirefu, myeupe, imepinda kidogo nchani. Akaisimamisha juu ya vipande vya udongo mbichi, na mimi, fundi niliyeona mambo, nikasogeza uso karibu. Walikuwa ng'ombe. Ng'ombe wetu hasa, wenye pembe ndefu zinazokwenda juu halafu zinafunguka. Kundi zima lilisimama kwenye kaki yangu likitazama mto wa chaki. Pembe aliwasogeza kwa ncha ya kidole, akimtaja kila mmoja kwa jina lake.

"Jeshi la ng'ombe wa mfalme," alitangaza. "Zamani walikwenda vitani pamoja na watu. Hawakuogopa ngoma wala mikuki."

"Wanafanana," Supu akakiri.

"Wanafanana sana," Bama akasema.

Mgomba akainama, akamtazama ng'ombe mmoja kwa karibu. Akamtazama wa pili. Akanyooka polepole.

"Hii miiba umeitoa wapi?"

Pembe akaangalia mawingu.

"Nakuuliza, miiba umeitoa wapi?"

"Miiba ni ya Mungu."

"Ni ya ua wangu! Huu mwiba naujua, uliniingia kidoleni! Hakimu, jeshi lake ni mali yangu ya wizi!"

"Mtu umeziba njia ya watu kwa miiba, halafu unailinda kama mahari?" Pembe akasema. "Na nimechukua kidogo tu. Pengo nililoacha hata sungura hapiti."

Supu alikuna kichwa. Mlango wa jikoni huwa anaufungua kidogo tu wakati wa kupeleka sahani, kwa hiyo kanuni anazijua vipande vipande. Mwishowe akasema mateka ni sehemu ya vita, na jeshi likubaliwe.

"Sawa," Mgomba akasema, na akatabasamu tabasamu lisilopendeza. "Kubalini na la kwangu."

Akaweka mezani kikapu kidogo cha ukili chenye kifuniko, kile cha wageni. Akakifunua. Harufu ikatupiga wote, na mate yakanitoka. Ilikuwa kahawa ya kutafuna, akamwani kama tunavyoiita nyumbani, buni nzima nzima iliyochemshwa na majani yake ya harufu ikakaushwa vizuri, ile ambayo mgeni akifika kwako anapewa kabla hujamuuliza shida yake.

"Jeshi la shamba," Mgomba akatangaza. "Hawa kahawa ni askari wa miguu. Njugu mawe ni mizinga. Na huyu," akasimamisha ndizi moja fupi nene, "ni jenerali."

"Jenerali mbona amepinda?" Bama akauliza.

"Anawaangalia adui."

"Ameiva mno huyo, atapasuka kabla ya vita," Pembe akasema. "Na kahawa inafanana nini na askari?"

"Ina gwanda la kahawia, iko kimya, na haijui inapelekwa wapi. Bama, si ndivyo mlivyokuwa?"

Bama alifikiri sana. "Ndivyo hasa," akasema.

"Halafu sikilizeni," Mgomba akainua kidole. "Ndani ya buni moja mna punje mbili. Kwa hiyo kila askari wangu ahesabiwe wawili."

"Kwa hilo," Pembe akajibu papo hapo, "ng'ombe wangu wote wana mimba."

"Huyu ni dume! Umemwita dume sasa hivi!"

"Mke wake ana mimba."

Ikabidi Supu apige meza. Kila kitu kihesabiwe kinavyoonekana kwa macho, akasema, na mambo ya matumboni yaachwe. Halafu akatueleza kanuni zilizobaki. Wazungu hurusha vijifupa vyenye madoa, sisi tukatumia kifungo cha shati, changu tena. Kifungo kikilala uso juu, umeua adui. Kikilala mgongo juu, umekosa. Na kila askari anapokufa, mwenye jeshi ni lazima apige meza na kusema "Damfuli!" kwa sauti.

"Hiyo nayo ni kanuni?" niliuliza.

"Hawajaiacha hata siku moja."

Basi vita vikaanza. Nimeshuhudia mengi barazani kwangu lakini sijapata kuona watu wazima wakitokwa jasho kwa ajili ya kifungo. Pembe alikipulizia kabla ya kukirusha. Mgomba alikinong'oneza kitu kwa Kinyambo. Ng'ombe wakavuka mto wa chaki upande wa kushoto, wakaangusha kahawa kadhaa. "Damfuli! Damfuli!" Mgomba akapiga meza mpaka jenerali akalala chali. Bama akawa anatembea huku na huku nyuma yao, mikono mgongoni. "Huko Bama tungekuja kwa nyuma! Bama tungengoja mvua!" Hakuna aliyemsikiliza, nadhani kama vile huko huko Bama.

Halafu bahati ikageuka. Kifungo kikampenda Mgomba. Kila akirusha, uso juu. Ng'ombe wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine, na Pembe kila alipomwondoa mmoja alisema damfuli yake kwa sauti ndogo, akamlaza kando taratibu na kumfunika kwa kitambaa kidogo cha leso. Mimi niliingiwa na huruma. Nilijua anawafikiria wale ndama wake wa kinamasini.

Mwisho alibaki na dume mmoja tu, kilimani, juu ya goti la suruali ya katekista. Kahawa zilikuwa zimemzunguka pande zote, bado nyingi, zinang'aa.

"Mwondoe mwenyewe," Mgomba akasema, akiwa amekishika kifungo. "Nisikutie aibu."

"Rusha."

"Kinamasi si kibaya sana ukikizoea."

"Nimesema rusha!"

Mgomba akainua mkono. Na palepale, kutoka kwenye njia, tukasikia sauti ya mwanamke: "Hodi wenyewe?"

Mkono wa Mgomba ulibaki hewani. Uso wake ukabadilika, macho yakaanguka chini kama mtu aliyekatwa kamba ya shingo. Tukageuka. Alikuwa bibi mmoja mnene, mwenye mwavuli mweusi na khanga mbili, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa Kokuberwa wa Nyakakika, mama mzazi wa Deodatha, mke wa Mgomba. Mama mkwe.

Nieleze kidogo. Kwetu mtu hamtazami mama mkwe usoni, wala hasemi naye moja kwa moja. Anainamisha macho, anasogea pembeni, na neno lake linapitia kwa mtu mwingine. Mgomba alisogea mpaka akafika kwenye nguzo ya baraza, akasimama hapo akiangalia vidole vyake vya miguu. Kifungo changu kikiwa ngumini.

"Shikamoo mama," tukasema wote.

"Marahaba wanangu. Mmeshindaje?"

Sasa hapa ndipo pa kumstaajabia Pembe. Mimi nilikuwa nafikiria kiti. Bama alikuwa anafikiria saluti. Pembe alikuwa ameshatazama meza, akamtazama bibi, akaitazama tena meza. Kisha akainama kwa heshima zote, akasema kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Karibu waitu, mama yetu, karibu ukae. Umetoka mbali, umechoka. Mkweo alikuwa anakuandalia kahawa."

Na akamwonyesha meza kwa mikono miwili.

Nguzoni, Mgomba alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Lakini aseme nini? Amwambie mama mkwe aliyetoka Nyakakika kwa miguu kwamba kahawa iliyo wazi mbele yake asiiguse? Mtu wa hapa akisikia hivyo atakusimulia mpaka kwa wajukuu wake.

"Kumbe mkwe ana adabu hivi!" Kokuberwa akasema, akakaa kwenye benchi langu, mbele ya uwanja wa vita. "Na ameipanga vizuri."

Akanyoosha mkono, akaokota askari wa kwanza, akamtupia kinywani.

Kachu.

"Bama," Mgomba alinong'ona, macho yakiwa chini, "niambie kinachotokea."

"Kikosi cha kulia kimeingiliwa," Bama akanong'ona.

Kachu, kachu.

"Na sasa?"

"Hakuna kulia tena, ndugu yangu."

"Mwambieni mama ... mwambieni labda angependa uji."

"Mama, mkweo anauliza kama ungependa uji," Bama akapeleka.

"Mwambie kahawa yatosha, nzuri sana, imekolea." Kachu. Bibi alikuwa na meno kamili, Mungu amjalie. Alikula walinzi wa kilima, akala waliokuwa wakilinda mto, akapitisha kiganja akakusanya akiba yote ya nyuma kwa mara moja. Njugu mawe akaziweka kwenye pindo la khanga, za baadaye. Kisha akammenya jenerali.

"Jenerali!" Supu akashika kichwa.

"Amekufa kishujaa?" Mgomba akauliza kwa sauti ya kilio.

"Amekufa kwa maganda," Bama akasema.

Mezani akabaki dume mmoja wa mwiba, kilimani, peke yake, amezungukwa na kaki tupu. Pembe alikunja mikono kifuani. Alimtazama Supu tu.

Supu akakohoa. "Jeshi lisilobaki hata na mtu mmoja limeshindwa. Kwa bwana ndivyo ilivyo. Njia ifunguliwe."

"Haki iko wapi?" Mgomba alilipuka, lakini akiilipukia ardhi, maana kichwa hakuweza kukiinua. "Kuliwa si kuuawa! Nilikuwa nimeshinda! Njia haifunguki! Mwambieni Pembe ile miiba haitoki pale hata apite mama yangu mwenyewe!"

Kokuberwa aliacha kutafuna.

"Miiba gani?" akauliza.

Bama, ambaye jeshini walimfundisha kujibu akiulizwa, akajibu. Akaeleza njia, kahawa, ndama, vita, yote, mpaka majina ya ng'ombe. Bibi akasikiliza huku akitikisa kichwa.

"Kumbe ndiye huyu," alisema, akimwambia Bama lakini kwa sauti ya kusikika mtoni. "Mwambie mkwe wangu hivi. Nimesikia Deodatha amejifungua mtoto wa kiume. Nimemletea mjukuu mtamba. Nimemswaga kutoka Nyakakika, nimelala njiani. Nimefika karibu kabisa na mlango wa mwanangu, nakuta mpumbavu ameziba njia kwa miiba. Khanga yangu hii hapa, imechanika. Mtamba nimemfunga kwenye mti huko nyuma ya miiba, ana kiu, na mimi nimezunguka nije kuuliza huyo mpumbavu ni mtoto wa nani."

Hakuna aliyemwangalia Mgomba. Ilikuwa huruma, na pia tulikuwa tunauma midomo.

"Mtamba?" Mgomba aliuliza vidole vyake vya miguu.

"Mwambie mtamba. Wa rangi ya asali."

Tuliona wazo linamwingia Mgomba, tangu masikioni mpaka tumboni. Mtamba anakunywa maji. Maji yako mtoni. Na kwenda mtoni ni ama njia, ama kinamasi.

"Bama," akasema polepole, "mwambie mama nimeshindwa. Jeshi langu limeshindwa kabisa. Njia iko wazi."

"Hapana!" Pembe akaruka. "Haiwezekani! Askari walioliwa na mgeni si waliouawa vitani, umesema mwenyewe. Umeshinda, Mgomba. Hongera. Miiba ibaki."

"Nimeshindwa!"

"Umeshinda!"

"Hakimu! Sina hata askari mmoja! Tazama!"

"Hakimu, mkono wake ulikuwa juu, kifungo kilikuwa kinaanguka uso juu, kila mtu ameona!"

"Kilikuwa kinaanguka mgongo!"

"Kilikuwa bado ngumini mwako!"

Supu aliziba masikio. Kwa bwana wake, akasema, hajawahi kuona watu wakigombania kushindwa. Bama akasema yeye amewahi, lakini mambo hayo hayasemwi mbele ya akina mama. Pembe alikuwa amekaza shingo kwelikweli. Tangu vuli alikuwa akiwavuta ndama kwa kamba, na sasa utamu ulikuwa umemfikia mdomoni, hakutaka kuutema.

Ndipo kutoka upande wa shamba, mbali, mtamba akalia. Mara moja, mlio mrefu wenye kukwaruza.

Pembe akakatika katikati ya neno. Akasikiliza.

"Huyo ana kiu mbaya," akasema.

Mtamba akalia tena. Pembe hakumngoja hakimu. Aliruka baraza langu kwa hatua moja, mbio na fimbo yake, na Mgomba nyuma yake, kichwa chini, akizunguka mbali na mama mkwe. Nasi tukafuata, maana nani angebaki kuchunga meza?

Tulimkuta Pembe ameshaingia katikati ya miiba, anaivuta kwa mikono mitupu, damu kwenye viganja, huku anamsemesha mtamba kwa maneno ya upole ambayo mkewe, nadhani, hajayasikia. Mgomba akajitupa upande wa pili. Walivuta pamoja, hawakusemezana, mpaka njia ikafunguka. Alikuwa mtamba mzuri kweli. Pembe akampapasa shingo, akamtazama meno, akamtazama macho, akafungua kamba na kumkabidhi Mgomba, naye akaishika kana kwamba amepewa nyoka.

"Tembea mbele, atakufuata," Pembe alimfundisha. "Usimvute. Mwimbie kidogo."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Si tenzi zenu, atalala."

Wakashuka mtoni. Jioni ile ile ng'ombe wa Pembe walipita pale pale, na Mgomba akasogea kando kuwapisha.

Kesho yake nilikuwa namtafuta kupe wa mwisho kwenye kaki, benchi limejaa kama kawaida yake, Supu anasimulia kwamba bwana wake amekula. Mgomba akafika akiwa amechelewa. Alikuwa na fimbo ndefu, mpya, iliyochongwa vizuri. Hakukaa kwenye nafasi yake, alikwenda kusimama mwisho wa benchi kando ya Pembe, akaegemea fimbo, amesimama kwa mguu mmoja, akatazama mbali, akashusha pumzi.

"Jamani," akasema, "sisi wafugaji tunaonewa sana na hawa watu wa mashamba."